Mwalimu Lois na Konokono wa Lambo

Watu wa Nakalunde walipotaka kumuumiza Mwalimu Lois walimwita Mama Konokono. Wakati ule hakuwa na mume wala mtoto, na katika nchi ya Masasi, ambako mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, kuitwa mama wa mdudu ni kutukanwa mara mbili: kwanza kazi yako, kisha tumbo lako. Wako wanaosimulia eti baadaye jina hilo liligeuka kuwa la heshima. Si kweli. Lois hakulipenda hata siku moja, na aliyemwita hivyo hakuitikiwa, awe mtoto awe padre.

Alizaliwa Masasi, chini ya majabali, katika ukoo wa Kianglikana ulioanzia kwa babu aliyefikishwa misheni akiwa mtoto aliyekombolewa utumwani. Baba yake, Bartholomayo, alikuwa mwalimu wa dini. Mama yake, Ethel, alifariki Lois akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Mtoto aliyefiwa na mama hutafuta pa kushika, na Lois alishika mawe. Mvua za kwanza zikishanyesha alipanda kwenye nyufa za jabali nyuma ya nyumba yao, akafukua majani yaliyooza, akarudi na magamba ya konokono katika upindo wa gauni: mengine makubwa kama ngumi, mengine madogo kama punje za ulezi, mengine membamba na marefu kama misumari. Wenzake waliyachezea yakavunjika. Yeye aliyapanga dirishani kwa jinsi yalivyofanana, akawa anauliza kila mtu kwa nini konokono wa jabali hili hawaonekani kwenye jabali la pili, na hali ukisimama huku ukaita, wa kule wanakusikia.

Swali hilo lilimfikia mmisionari mmoja, mama wa Kiingereza mtu mzima aliyefundisha shule ya wasichana. Yule mama hakumcheka. Alimwonyesha namna ya kusafisha gamba bila kulivunja, kuliwekea kikaratasi cha mahali lilipookotwa, na kulichora kwa penseli mzunguko baada ya mzunguko. Alimfundisha pia jambo lililokuja kumtia Lois matatani maisha yake yote: ukishika gamba ncha yake ikiwa juu na mlango ukikutazama, konokono walio wengi mlango wao uko kulia, lakini wako wa majini ambao mlango wao uko kushoto, na miongoni mwao wamo wanaobeba kichocho. Alipozeeka akarudi kwao, alimwachia Lois darubini yake ya shaba ya kuangalia vitu vidogo. Hakumwachia kitu kingine, na Lois hakutaka kingine.

Lois akasomea ualimu, akapangiwa shule ya misheni ya Nakalunde, kijiji kilicho katika nchi tambarare kabla hujaanza kupanda kwenda Newala. Hakuna aliyemwona mtu wa ajabu sana mwanzoni. Shule ikifungwa alidandia lori la mizigo mpaka juu kwa Wamakonde, akatambaa katika vichaka vile vya uwanda wa juu ambavyo mtu mzima hapiti ila kwa magoti, akarudi na mikwaruzo mikononi na vikopo vilivyojaa. Vielelezo vingine alivituma Makumbusho ya Nairobi. Majina ya Kilatini yalipokuja kwa posta aliyasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesomewa salamu za jamaa zake walio mbali. Watu wakasema mwalimu ana dawa zake, wakamwacha.

Kisha likaja lambo.

Nakalunde ilikuwa nchi ya kiu. Wanawake waliondoka na mitungi jua halijachomoza, wakarudi limekwisha kuwa kali, na wa uwandani juu walikuwa na taabu zaidi, maana wao walishuka genge kufuata chemchemi na kulipanda tena na maji kichwani. Kwa hiyo serikali ilipoleta katapila kuchimba lambo chini ya kijiji, likajaa mvua za mwaka ule ule, watu walicheza ngoma. Bwana mkubwa mmoja alitoka Dar es Salaam kuja kulifungua. Lois naye alicheza. Alifurahi kama wenziwe.

Masika ya pili yalipopita, mayungiyungi yalikuwa yameota ukingoni na wavulana walikuwa wanaogelea humo kila jioni. Lois alishuka na chujio lake la mpini mrefu, akalipitisha chini ya majani, akalinyanyua. Humo mlikuwa na vigamba vya rangi ya udongo, vyepesi, na kila alichokishika kilifungua mlango kushoto. Aliwatia konokono wachache katika bilauri ya maji, akaiweka dirishani penye jua. Kabla ya adhuhuri maji yalikuwa yameingia kitu kama vumbi, ila vumbi lile lilikuwa likipanda na kushuka lenyewe. Chini ya darubini kila chembe ilikuwa na mkia uliogawanyika mwishoni kama panda ya manati.

Alikwenda nyuma ya shule, penye ukuta wa choo cha wavulana. Mchanga wa pale ulikuwa na madoa mekundu.

Mwalimu mkuu, Edmund, alikuwa mtu mwema, mwoga wa maneno ya watu. Lois alimkuta ofisini akisahihisha madaftari.

"Mwalimu, wavulana wetu wanakojoa damu."

Edmund aliweka kalamu chini, akatazama mlangoni kama kuna anayesikiliza. "Dada Lois, hayo ni mambo ya jandoni. Ni dalili kwamba kijana anakua. Mimi mwenyewe nilipita huko."

"Na mpaka leo ukienda haja unaugulia," Lois alisema. "Choo chetu hakina paa, Mwalimu. Tunakusikia."

Alijua amekosea kusema hivyo. Mtu mkubwa haambiwi vile na mwanamke aliye chini yake. Lakini alikuwa amekwisha kasirika, na hasira ya Lois ilikuwa na ulimi. Edmund alirudia madaftari yake, na hakusema ndiyo wala hapana. Lois akalichukua jambo hilo la kutosema kuwa ni ruhusa.

Asubuhi yake alichora ubaoni mbele ya darasa la wavulana: mtu, maji, konokono, kisha mtu tena. Akaeleza. Mayai yanatoka na mkojo, yanaangukia majini. Yakianguliwa, kinachotoka kinamwingia konokono. Ndani ya konokono kinazaana. Kisha vinatoka vile vyenye mkia wa panda na kupenya ngozi ya anayeoga. Hakuzungusha maneno, alitaja kila kitu kwa jina lake.

"Kukojoa damu si uanaume," aliwaambia. "Ni ugonjwa, na dawa ipo. Mwenye nao asione haya. Anyooshe mkono tu."

Alitegemea mikono michache. Walitazamana, wakaguna, kisha mmoja akanyoosha, na wengine wakamfuata, mpaka akaona karibu darasa zima limenyoosha mkono na wachache waliobaki wanaona haya kwa kuwa wao bado. Kuna mmoja aliuliza kama inawezekana kuipata upesi ili asichekwe. Lois aligeuka kuufuta ubao, akaufuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kabla ya Jumapili kijiji kizima kilikuwa kimesikia kwamba mwalimu wa kike, tena asiyeolewa, amewauliza watoto wa watu habari za uchi wao, na kwamba ameyatukana mafunzo ya jando.

Wazee wa kanisa walimwita katika chumba cha nyuma, kile cha kuhifadhia mavazi ya ibada. Padre Dunstan alikaa kando, kijana mpole ambaye hakuwa na mwaka tangu afike. Aliyekalia kiti cha mbele ni Mzee Filemoni, ambaye kwa muda mrefu ndiye aliyewasimamia vijana wa Kikristo jandoni, na pembeni yake, miongoni mwa wazee wengine, alikaa baba yake Lois mwenyewe, Bartholomayo, ambaye siku hizo alikuwa amehamia Nakalunde kufundisha dini. Lois alikuwa amebeba darubini na bilauri yake.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," walijibu, lakini hakuna aliyemwambia akae.

Mzee Filemoni alisema kwa upole, na upole wake ulimuudhi Lois kuliko matusi. "Mwanetu, sisi hatukatai elimu. Lakini yako maneno ya wanaume. Mvulana anaambiwa mambo yake na wanaume, mahali pake, kwa wakati wake. Wewe umeyatoa darasani. Mtoto akiambiwa na mwalimu wa kike kwamba kungwi wake ni mwongo, kesho atamtii nani?"

"Sikusema mwongo, Mzee. Nilisema wanaumwa. Tafadhali angalia humu."

Akatengeneza darubini karibu na dirisha. Mzee Filemoni aliinama, akafumba jicho moja, akatazama kwa makini kabisa. Kisha akainuka.

"Nimeona," alisema. "Vinaogelea. Hata viluwiluwi huogelea. Nani amekuuliza habari za wadudu? Tunakuuliza kwa nini ulitaja mkojo wa watoto wetu."

Wengine nao waliangalia kwa zamu, wakasifu ile shaba, wakarudi kukaa. Lois alikuwa amejiandaa kwa watu wasioamini. Hawa walikuwa wameona kwa macho yao na bado haikuwa neno kwao. Alimtazama baba yake. Bartholomayo, aliyemzoeza tangu utotoni kusema kweli hata ikimchoma, alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe. Padre Dunstan alikohoa, akasema labda jambo hili lingengoja. Halikungoja. Waliamua Lois asifundishe wavulana tena, apewe darasa la kushona la wasichana, na konokono wake wasikanyage shule. Edmund alikubali siku ile ile.

"Wamenipa sindano," Lois alimwambia baba yake njiani, "ili nisiwe na mdomo."

Bartholomayo aliendelea kutembea.

Lois hakurudi nyuma. Alikwenda kwa ofisa mmoja wa serikali, Mwingereza, aliyehusika na mambo ya maji, akangoja barazani pamoja na wenye kesi mpaka jua likageuka. Ofisa alimpokea kwa adabu, akampa kiti, akasikiliza. Kisha akasema lambo lile lilikuwa safi, lilifunguliwa na mkubwa, na haingefaa kuwatisha watu kwa maji waliyoyalilia miaka mingi. "Na isitoshe," alisema, "wazee wenu wenyewe wameniambia kwamba hiyo damu ni mila. Wavulana wenu walikuwa hivyo kabla sisi hatujafika. Hatuingilii mila."

Lois alipoeleza habari hiyo baadaye, miaka mingi baadaye, bado hasira yake ilikuwa mbichi. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia watawala na wazee wakikubaliana juu ya lolote: si kodi, si shamba, si ndoa. Siku walipokubaliana walikubaliana watoto waumwe.

Akarudi kwenye darasa la kushona.

Pale ndipo alipofuatwa na Kibibi. Kibibi alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Newala juu, ameolewa Nakalunde na mkulima wa mihogo na korosho. Alisimama mlangoni mchana, wasichana wakiwa wameinamia vitambaa, akamwita Lois nje kwa ishara ya kichwa. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mwalimu, ile damu uliyosema. Wasichana nao huipata?"

"Wanaipata, Mama Mwanaisha. Kwa nini wasiipate?"

Kibibi alitazama chini. "Mwanaisha anayo. Tangu mwezi uliopita. Wifi yangu aliona nguo, akasema mtoto ameharibiwa na mwanaume. Wakamtaka amtaje. Hakuwa na wa kumtaja, Mwalimu, ni mtoto, hajavunja ungo. Wakampiga. Baba yake anasema atapelekwa Newala kwa mama yangu akafichwe, aibu isienee."

"Anaoga lambo?"

"Anachota maji kila siku. Ukingoni pana tope, kwa hiyo anaingia mpaka kiunoni ndipo anajaza."

Lois hakuaga shule. Walimchukua mtoto, wakasimama barabarani, wakapata lori la kwenda Ndanda. Njiani Mwanaisha alikaa katikati yao, na kila lori lilipotikisika alijikunyata.

Hospitali ya misheni iliwapokea. Daktari aliukagua mkojo wa mtoto, kisha akamwita mama aje atazame mwenyewe. Kibibi, ambaye hakuwahi kuishika darubini, aliona yai lenye umbo la mbegu ya tikiti, na mwishoni mwake mwiba.

"Hiki ndicho kinachomtoboa mwanangu?"

"Ndicho," Lois alijibu. "Viko vingi."

Kibibi alikaa sakafuni. Alilia, ila si kilio cha msiba. "Na mimi nilimshika mikono," alisema, "wakati shangazi yake anampiga. Nilimshika ili asikimbie."

Sindano za siku hizo zilikuwa kali. Mwanaisha alitapika mpaka akabaki mifupa, na mama yake hakuondoka kitandani pake. Lois alirudi Nakalunde kushona, akaambiwa maneno makali kwa kuondoka bila ruhusa, na aliyasikiliza amesimama, hakujitetea. Alikuwa anamngoja Kibibi.

Kibibi aliporudi na mtoto, hakupita nyumbani kwanza. Ilikuwa Jumapili. Alikwenda moja kwa moja kwenye uwanja wa kanisa, akasimama na Mwanaisha ubavuni, mpaka ibada ilipokwisha na watu wakatoka. Wakristo walimshangaa, ushungi wake kichwani, amesimama pale kama aliyeitiwa shauri.

"Shikamooni, wazee," aliwaambia akina Filemoni.

"Marahaba, Mama Mwanaisha. Habari za safari?"

"Njema. Nina swali. Nasikia hapa Nakalunde mtoto akikojoa damu ni dalili ya uanaume."

Mzee Filemoni alikunja uso. "Hayo si maneno ya hapa, mama."

"Ni ya wapi basi? Mwanangu amepigwa kwa ajili yake hapa hapa. Daktari amemkuta na damu hiyo hiyo ya wavulana wenu, mayai yale yale, nimeyaona. Kwa hiyo naomba mniambie, wazee wangu. Mwanaisha niwaletee jandoni lini?"

Kisha mahali fulani nyuma, mwanamke mmoja alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka, na mwenzake akakidaka, na wa tatu. Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu, na katikati ya kicheko hicho mama mmoja aitwaye Josephina alinyamaza ghafla, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hata wangu anayo. Binti yangu. Sikumwambia mtu." Na mwingine akasema wake pia. Wanaume walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa haraka ya watu waliokumbuka kazi. Padre Dunstan peke yake alibaki, kanzu bado mwilini, akamwendea Mwanaisha akamuuliza kama anajisikia nafuu.

Wiki hiyo wanawake walishuka lambo. Lois aliwaonyesha mayai ya konokono, utelezi ulioganda chini ya majani ya yungiyungi, na wakayang'oa majani yale kwa majembe marefu, wakayaanika juani mbali na maji. Wakalizungushia lambo miiba. Wakatengeneza ulalo wa magogo unaoingia mpaka penye kina, ili anayechota asiloweshe mguu. Mvulana aliyeonekana anaoga alifukuzwa na wanawake wa nyumba yoyote ile, si mama yake tu.

Siku ya pili Bartholomayo alikuja na panga, akaanza kukata magogo. Alifanya kazi mpaka shati likalowa. Walipopumzika alikaa karibu na binti yake.

"Mwanangu, siku ile nilinyamaza."

"Ndiyo, Baba. Nilikusikia."

Hakumwongezea neno, wala hakumpunguzia. Alimpa maji ya kunywa, yaliyochemshwa, na mzee akanywa. Walipatana baadaye, kidogo kidogo, kama watu wa nyumba moja wanavyopatana, kwa kula pamoja. Lakini alipoulizwa kama alimsamehe, Lois alikuwa akisema kwamba kuna watoto waliozikwa na vibofu vilivyooza, na yeye si mama yao, hana idhini ya kusamehe kwa niaba yao.

Wazee hawakulifuta lile agizo lao. Mzee Filemoni alimpeleka mjukuu wake Ndanda kwa njia ya kuzunguka, asionekane, na jambo hilo lilijulikana kabla hajarudi. Hata hivyo Lois hakurudishiwa wavulana. Siku walipompelekea bando jingine la vitambaa, alilirudisha kwa Edmund likiwa limefungwa vile vile, akaacha kazi.

Ulikuwepo wakati ule mpango wa kupima kichocho vijijini, na waliouendesha walikuwa wakimtafuta mtu anayewatambua konokono. Wakampa Lois kazi, naye akazunguka na baiskeli na chujio: Lukuledi, Chiungutwa, mabonde ya chini ya Newala mpaka karibu na Ruvuma. Aligombana huko nako. Kuna mwaka walikuja wataalamu na magunia ya mrututu, ile chumvi ya buluu yenye sumu, wakayamwaga katika malambo. Konokono walikufa na kambare nao wakaelea matumbo juu, na wenyeji wakatazama kitoweo chao kinanuka. Lois alikuwa amewaambia wakubwa wake mapema kwamba bila vyoo na bila kung'oa majani, konokono watarudi mvua inayofuata. Walirudi. Alipolikumbusha jambo hilo mkutanoni aliambiwa kwamba yeye ni mwepesi wa hasira. Alijibu kwamba hasira zake hazijaua samaki hata mmoja.

Dereva wa gari la mpango huo aliitwa Ambrosi, Mmakonde wa Newala, Mkatoliki, mtu wa maneno machache ambaye alijifunza kusimamisha gari penye kichaka chochote bila kuambiwa. Waanglikana wa Masasi hawakupenda, na Wakatoliki wa kwao Ambrosi hawakupenda pia. Wakaoana. Walipompata binti yao, Paulina, Lois alitangaza kwamba sasa jina lake ni Mama Paulina na hakuna jingine.

Watu walimjua kwa kichocho, lakini si hao konokono wa malambo aliowapenda. Hao aliwafuata kama askari anavyomfuata mwizi. Aliowapenda ni wa nchi kavu, wa vichaka vya uwandani, wasiomdhuru mtu wala kumfaa mtu, na kwa miaka ile aliwaibia muda tu, Jumapili na sikukuu. Katika kichaka kimoja upande wa Newala, karibu na shamba la shemeji yake Nikolao, ndugu yake Ambrosi, alipata kijikonokono chenye gamba la vinyweleo kama ngozi ya tunda la msituni. Alikituma Nairobi. Wakamjibu kwamba hawakifahamu, na wakamwomba atafute wengine walio hai.

Aliporudi na mvua, kichaka hakikuwapo. Palikuwa na miche ya mikorosho, imepandwa kwa mistari iliyonyooka, na majivu katikati.

Lois alikwenda kwa Nikolao amefura. Alimkuta uani. Mkewe, Severina, alimletea Lois maji katika kata kabla hajafungua mdomo, na Lois alijua maji yale yametoka wapi, genge lipi Severina amelipanda asubuhi hiyo. Akanywa. Watoto walikuwa wanamwaga korosho mkekani.

"Shemeji, uso wako si mzuri," Nikolao alisema. "Kuna msiba?"

"Umekata kichaka."

"Nimekata. Watoto wanakua."

"Kulikuwa na konokono mle ambao hawako mahali pengine popote."

Nikolao alifikiri. Hakuwa mtu wa dharau. "Mbona hukuniambia? Ningekusanya ndoo nzima nikakuwekea."

Lois alikuwa amezoea kuwa na mtu wa kumkasirikia: mzee aliyejua akanyamaza, ofisa aliyesikia akapuuza. Hapa alikuwa na mkulima aliyepanda chakula cha watoto wake na hakuna aliyemwambia kitu, hata yeye Lois, aliyekula ugali wake mara ngapi hapo hapo uani. Hasira ilibaki kifuani ikizunguka bila pa kutua, na hiyo ilimuuma kuliko zote.

"Kile kijisitu cha makaburi," hatimaye aliuliza, akionyesha kilipobaki kiza cha miti mwisho wa shamba. "Nacho utakikata?"

"Wamelala babu zangu mle. Hakikatwi."

Aliingia humo kwa magoti siku ile, akapekua majani makavu kati ya makaburi mpaka jua lilipozama, akapata magamba matupu mawili yenye vinyweleo. Akarudi mvua iliyofuata, na nyingine. Mwaka ule watu wa kule chini walipokuwa wanasherehekea kwamba Waingereza wanaondoka, Lois alikuwa amelala kifudifudi chini ya mti wa makaburini, na kwenye gome, karibu na pua yake, kikapita kimoja kizima, pembe zake nje, kinakwenda zake. Alimwita Nikolao aje akione. Nikolao alichutama, akakitazama kwa muda, akasema ni kidogo mno kwa kelele zote zile.

"Hapa usije ukakata, shemeji," Lois alimwambia. "Hata nikifa."

"Nimekwisha kukuambia hapakatwi. Ila si kwa ajili ya konokono wako. Ni kwa ajili ya wazee."

"Mimi sijali ni kwa ajili ya nani," Lois akasema, "mradi pasikatwe."